Manispaa Zinapounganishwa: Ulaya Ilipata Nini na Ilipoteza Nini

Tarehe 1 Januari 2007 idadi ya manispaa za Denmark ilishuka kutoka 271 hadi 98 kwa siku moja. Siku hiyohiyo mikoa 13 ya zamani ilifutwa, kanda 5 zikaanzishwa kusimamia hospitali, na kazi nyingi zilizokuwa za mikoa zikakabidhiwa mabaraza ya manispaa mpya. Hayakuwa mageuzi ya kwanza ya aina hiyo barani Ulaya wala makubwa kuliko yote, lakini ni miongoni mwa yale yaliyochunguzwa kwa undani zaidi na wataalamu wa uchumi na siasa. Kwa sababu hiyo yanatusaidia kujibu swali ambalo serikali zinazotaka kuunganisha halmashauri zake mara nyingi hulipita haraka: je, fedha huokolewa kweli, na mwananchi hupoteza nini?

Kwa manispaa hapa nakusudia kitengo cha chini cha serikali kilicho na baraza la kuchaguliwa, bajeti yake na uwezo wa kutoza kodi, kiwe ni jiji la watu laki tano au vijiji vichache vyenye watu mia kadhaa. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya kitengo hiki hubeba mzigo ambao msomaji wa Afrika Mashariki huenda asiutarajie. Manispaa ya Denmark ndiyo inayoendesha shule ya msingi, chekechea, matunzo ya wazee majumbani, huduma kwa watu wenye ulemavu na ofisi ya kuwasaidia wasio na ajira, na sehemu kubwa ya gharama hizo hulipwa kwa kodi ya mapato ambayo kiwango chake hupangwa na baraza lenyewe. Zaidi ya nusu ya matumizi yote ya umma nchini humo hupitia serikali za mitaa. Kwetu tumezoea zaidi kusikia habari za kugawanya, yaani wilaya mpya na halmashauri mpya. Kule, kwa zaidi ya miaka 70, mwelekeo umekuwa kuunganisha.

Uswidi ilitangulia. Mwaka 1952 manispaa zake zipatazo 2,500 zilipunguzwa hadi 1,037, na awamu ya pili kati ya 1962 na 1974 ikazifikisha 278. Sababu ya awamu hiyo ya pili ilikuwa bayana: nchi ilikuwa imeamua kwamba kila mtoto asome shule ya lazima ya miaka 9, na wapangaji wakakadiria kwamba manispaa yenye wakazi wasiofika 8,000 haingeweza kuwa na wanafunzi wa kutosha kujaza madarasa ya juu ya shule hiyo. Ubelgiji ilitoka manispaa 2,359 hadi 596 mwaka 1977. Ugiriki ilifanya hivyo mara mbili: mpango wa Kapodistrias wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulizishusha kutoka zaidi ya 5,700 hadi zaidi kidogo ya 1,000, na mpango wa Kallikratis, ulioanza 1 Januari 2011, ukabakiza 325. Albania ilitoka 373 hadi 61 mwaka 2015, na Estonia ilitoka 213 hadi 79 mwaka 2017. Ufaransa ilijaribu kuhimiza muungano kwa sheria ya mwaka 1971 na ikapata matunda machache. Hadi leo ina manispaa takriban 35,000, na badala ya kuzifuta imezishawishi ziunde jumuiya za kushirikiana katika maji, taka na usafiri huku kila kijiji kikibaki na meya wake.

Turudi Denmark, kwa kuwa namna mageuzi yalivyoendeshwa ni sehemu ya matokeo yake. Tume iliyoundwa mwaka 2002 iliwasilisha ripoti Januari 2004, na kufikia Juni mwaka huo serikali ilikuwa imepata makubaliano bungeni. Haikuchora mipaka yenyewe. Iliweka kiwango cha chini cha wakazi 20,000, kisha ikazipa manispaa muda hadi 1 Januari 2005 kueleza kila moja ingeungana na nani. Iliyotaka kubaki ndogo ilitakiwa kusaini mkataba wa lazima wa kushirikiana na jirani mkubwa, na ndiyo njia iliyofuatwa na visiwa kama Læsø, Fanø na Samsø, ambavyo wakazi wake hawawezi kuvuka bahari kila wanapohitaji huduma ya ofisi. Bornholm ilikuwa imetangulia kwa hiari yake: baada ya kura ya maoni ya mwaka 2001, manispaa zake 5 na mkoa wake viliungana kuwa kitengo kimoja mwaka 2003. Novemba 2005 wananchi walichagua mabaraza mapya, nayo yakautumia mwaka mzima wa 2006 kuandaa bajeti, kupanga watumishi na kuunganisha mifumo ya kazi, wakati mabaraza ya zamani yakiendelea na shughuli za kila siku hadi siku ya mwisho. Manispaa 239 ziligeuka kuwa 66, na nyingine 32 hazikuguswa. Wastani wa wakazi kwa manispaa ulipanda kutoka takriban 20,000 hadi 55,000.

Zile 32 ambazo hazikuguswa ndizo zinazoifanya Denmark iwe darasa zuri kwa mtafiti. Ukilinganisha matumizi ya manispaa kabla na baada ya muungano bila kuwa na kipimo cha pembeni, huwezi kujua kama tofauti unayoiona imeletwa na muungano, na sheria mpya zilizotungwa mwaka huohuo, au na msukosuko wa uchumi wa 2008. Denmark ilikuwa na makundi mawili yaliyopewa majukumu mapya yaleyale, chini ya serikali ileile na uchumi uleule, moja likiwa limeunganishwa na jingine halikuunganishwa. Watafiti walitumia nafasi hiyo vizuri, na matokeo yao yanapaswa kusomwa na kila anayeandaa hotuba ya bajeti kuhusu jambo hili.

Gharama za utawala kwa kila mkazi zilishuka. Hilo halina ubishi: mahali palipokuwa na mameya watatu, wakurugenzi watatu na idara tatu za fedha pakawa na mmoja mmoja. Matumizi ya fedha kwa barabara nayo yalipungua. Lakini katika huduma zinazobeba sehemu kubwa ya bajeti, kama shule na matunzo ya wazee, hakukuonekana akiba ya maana, na katika shughuli za kuwatafutia watu ajira gharama zilipanda. Ukijumlisha yote, matumizi ya manispaa zilizounganishwa hayakuwa madogo kwa namna inayoonekana kuliko ya zile zilizoachwa. Utafiti uliofanywa Uholanzi, ambako manispaa zimekuwa zikiunganishwa kidogo kidogo kwa miongo mingi, ulifikia hitimisho linalofanana na hilo.

Ukitafakari, matokeo haya hayashangazi sana. Gharama ya elimu huzaliwa darasani na katika jengo la shule, haizaliwi katika makao makuu ya manispaa. Shule yenye wanafunzi 80 inahitaji idadi ileile ya walimu na kiasi kilekile cha kupasha majengo joto wakati wa baridi, awe meya wake anaongoza watu 8,000 au 60,000. Mzee anayehitaji kuogeshwa nyumbani kwake atatembelewa na mtumishi mmoja asubuhi, na umbali wa barabara ya kwenda kwake haupungui kwa sababu ramani imebadilishwa. Penye akiba ya kweli ni pale huduma yenyewe inapounganishwa, yaani shule inapofungwa na wanafunzi kupelekwa kwingine, na huo ni uamuzi mwingine kabisa, wenye maumivu yake, ambao haupaswi kufichwa ndani ya neno muungano.

Hata hivyo, ipo hoja nyingine, nami naiona kuwa nzito kuliko ile ya akiba. Manispaa ndogo inaweza kuwa na mtumishi mmoja tu wa ustawi wa jamii, naye akiugua hakuna wa kushughulikia kesi ya mtoto anayeteswa nyumbani. Haimudu kuajiri mwanasheria wa mikataba, mhandisi wa mazingira au mtaalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Wanasiasa wa Denmark walitaka kuzikabidhi manispaa kazi za mikoa iliyofutwa, na kazi hizo zilihitaji utaalamu ambao manispaa ya watu 6,000 isingeweza kuukusanya. Kwa mtazamo huo, muungano ni njia ya kununua uwezo, na kitu kinachonunuliwa hulipiwa. Serikali ikiwaambia wananchi ukweli huo tangu mwanzo, kwamba tunaunganisha ili tuhudumie vizuri zaidi na si lazima kwa fedha kidogo zaidi, inakuwa na hoja inayoweza kusimama. Ikiahidi akiba pekee, itaumbuliwa na hesabu zake yenyewe ndani ya miaka michache.

Kuna kipindi kimoja katika mageuzi haya kinachostahili tahadhari kubwa kuliko vyote, nacho ni ule muda kati ya tangazo la muungano na siku ya kuungana. Manispaa inayojua kwamba mwakani deni lake litabebwa na wakazi wa manispaa tano kwa pamoja ina kila sababu ya kukopa leo na kujenga ukumbi wa michezo kwake. Faida itabaki kijijini. Gharama itagawanywa kwa wote. Kadiri manispaa ilivyo ndogo ndani ya muungano ujao, ndivyo sehemu yake ya kulipa inavyokuwa ndogo na kishawishi kinavyokuwa kikubwa. Uchunguzi wa muungano wa Uswidi wa mwaka 1952 ulionyesha kwamba manispaa zilizokuwa zikingoja kuunganishwa ziliongeza madeni kabla ya siku hiyo. Denmark ilishuhudia matumizi ya kupita kiasi mwishoni, na Ufini ikashuhudia tabia hiyohiyo hata katika miungano ya hiari. Wanaofanya hivyo si lazima wawe wabadhirifu. Diwani anayepigania mradi wa mwisho wa kijijini kwake anaamini anawatendea haki waliomchagua. Kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa mahubiri. Serikali kuu inapaswa kuweka kikomo cha mikopo na uwekezaji mara tu muungano unapotangazwa, na baraza la mpito lipewe neno katika kila mkataba mkubwa.

Ufini inatufundisha pia jinsi masharti ya kulainisha muungano yanavyoweza kula faida yake. Mageuzi yaliyoanza huko mwaka 2005 yalitegemea hiari na ruzuku: serikali iliwalipa waliokubali kuungana, na sheria iliwahakikishia watumishi wa manispaa zilizoungana kwamba hawangeachishwa kazi kwa sababu za kiuchumi kwa miaka 5. Tarehe 1 Januari 2009 pekee, manispaa 99 ziliingia katika miungano 32. Ulinzi huo wa ajira ulikuwa wa haki, na bila ya huo huenda miungano mingi isingekubaliwa, lakini kwa miaka 5 ya mwanzo ulifunga mlango mkubwa wa akiba, kwa kuwa mishahara ndiyo gharama kubwa ya manispaa.

Mji wa Salo ulikuwa mmoja wa walioungana siku hiyo. Manispaa 10 zilikuwa moja, nyingi zikiwa za vijijini, na katikati yake palikuwa na kiwanda cha simu cha Nokia kilicholetea mji kodi nyingi na kazi nzuri. Miaka 3 baadaye, mwaka 2012, utengenezaji wa simu katika kiwanda hicho ulisimamishwa, na mwaka 2015 Microsoft, iliyokuwa imenunua biashara hiyo ya simu, ilitangaza kufunga shughuli zake zilizobaki pale. Vijiji vilivyokuwa vimeingia katika muungano na mji tajiri vikajikuta vinagawana upungufu wa mji uliopoteza mapato yake. Muungano haukusababisha msiba huo, na mtu anaweza hata kudai kwamba kitengo kikubwa kilisaidia kuubeba. Lakini kisa cha Salo kinaonyesha wazi kwamba kuunganisha manispaa zinazotegemea chanzo kimoja cha mapato hakusambazi hatari, bali kunaongeza idadi ya wanaoibeba. Mwaka 2023 Ufini iliziondoa kabisa huduma za afya na ustawi wa jamii mikononi mwa manispaa na kuzikabidhi kwa maeneo 21 mapya ya huduma, isipokuwa jiji la Helsinki lililobaki na za kwake. Huko ni kukiri kwamba kwa kazi hiyo hata manispaa zilizoungana zilikuwa bado ndogo.

Sasa upande wa raia. Denmark ilikuwa na madiwani wapatao 4,600 kabla ya mageuzi na takriban 2,500 baadaye. Uswidi, katika miungano yake ya karne iliyopita, ilitoka watu wapatao 200,000 wenye nyadhifa za uwakilishi hadi takriban 50,000. Nyuma ya takwimu hizo kuna jambo la kila siku: katika manispaa ndogo karibu kila familia ilimfahamu diwani, ilikutana naye dukani au kanisani, na iliweza kumuuliza kwa nini taa za barabarani hazijawashwa. Watafiti waliowahoji Wadenmark kabla na baada ya mwaka 2007 walipima kiasi ambacho mtu anajiona anaelewa mambo ya manispaa yake na ana uwezo wa kushiriki katika maamuzi. Katika manispaa zilizounganishwa hisia hiyo ilishuka ikilinganishwa na zile ambazo hazikuguswa. Watu walewale, nyumba zilezile, barabara ileile, lakini wakijiona wadogo zaidi mbele ya serikali yao. Waliojitokeza kupiga kura za manispaa walishuka kutoka asilimia 69.5 mwaka 2005 hadi 65.8 mwaka 2009, kisha wakapanda hadi 71.9 mwaka 2013, kwa hiyo tusiseme kwamba demokrasia ya mitaa iliporomoka. Mtu anaweza kuendelea kupiga kura huku akiamini kwamba sauti yake haifiki mbali.

Wanaoumia zaidi ni wa pembezoni. Uchunguzi wa Ufini ulionyesha kwamba baada ya muungano ajira za umma, hasa za utawala na za afya na ustawi, zilihama kutoka kwenye maeneo yaliyokuwa na wawakilishi wachache katika baraza jipya na kuelekea yenye wawakilishi wengi. Mfumo wa kura ulifanya kazi yake kama ulivyoundwa, wengi walishinda. Denmark nayo ilishuhudia shule nyingi ndogo za vijijini zikifungwa katika miaka iliyofuata mageuzi, kwa kuwa baraza jipya liliziona shule zote za eneo kubwa kwa pamoja, na kijiji hakikuwa tena na baraza lake la kuitetea shule yake. Katika baadhi ya vijiji wazazi waliitikia kwa kuanzisha shule huru zinazopata ruzuku ya serikali. Ukiyatazama matokeo hayo kwa makini, utaona gharama iliyoondolewa katika kitabu kimoja cha hesabu ikijitokeza katika kingine.

Miungano ya kulazimishwa ina historia yake, nayo si ya kujivunia. Katika Ujerumani Magharibi, tarehe 1 Januari 1977, jimbo la Hessen liliunganisha miji ya Gießen na Wetzlar pamoja na manispaa 14 za jirani kuwa mji mmoja ulioitwa Lahn, kwa jina la mto unaopita hapo. Wakazi wa miji hiyo miwili, kila mmoja ukiwa na historia ndefu na fahari yake, hawakulikubali jina wala wazo lenyewe. Mji wa Lahn ulivunjwa katikati ya mwaka 1979. Huko Bavaria, wakazi wa kijiji cha Ermershausen waliziba njia za kuingia katika ofisi yao ya manispaa mwaka 1978 ili isikabidhiwe kwa Maroldsweisach. Polisi walitumwa kuwaondoa, na kijiji kikaunganishwa. Kiliendelea kudai, na mwaka 1994 kilirudishiwa manispaa yake.

Miaka ya karibuni hali hiyo imejirudia. Norwei ilipunguza manispaa zake kutoka 428 hadi 356 kufikia mwaka 2020, na pia ikaunganisha mikoa. Mkoa wa Finnmark, ambako asilimia 87 ya waliopiga kura ya maoni mwaka 2018 walikataa, uliunganishwa na Troms hata hivyo. Muungano huo ulivunjwa 1 Januari 2024, pamoja na ule wa mkoa wa Viken uliokuwa umejumuisha mikoa mitatu. Siku hiyohiyo Haram, iliyokuwa imeingizwa katika manispaa ya Ålesund kwa uamuzi wa Bunge wa mwaka 2017, ilijitenga. Ugiriki nayo iligawanya upya visiwa kadhaa mwaka 2019: Lesbos ikawa na manispaa 2, Corfu 3, Kefalonia 3. Matokeo ya kifedha ya Kallikratis ni magumu kuyapima, kwa kuwa mpango huo ulianza wakati nchi imezama katika mgogoro wa madeni na ruzuku kwa manispaa zikikatwa kwa nguvu, lakini tatizo la visiwa halikuhitaji takwimu. Kisiwa kilichotenganishwa na milima, chenye bandari zake na ofisi moja tu upande mmoja, kilimlazimu mkazi wa upande wa pili kusafiri siku nzima kwa ajili ya muhuri.

Kujitenga pia kuna bei. Madeni yagawanywe, majengo yathaminiwe, watumishi waulizwe wanakwenda upande gani, na mifumo ya kompyuta iliyonunuliwa kwa pamoja juzi inunuliwe tena mara mbili. Ndiyo maana naona muda unaotumiwa kuwashawishi wananchi kabla ya muungano ni uwekezaji, na wanaouita ucheleweshaji wanakosea.

Jimbo dogo la Glarus nchini Uswisi, lenye watu wasiofika 40,000 wakati huo, lilitumia muda huo. Huko raia bado hukutana uwanjani mara moja kwa mwaka, katika mkutano uitwao Landsgemeinde, na kupiga kura hadharani juu ya sheria zao. Mei 2006 serikali ya jimbo ilipendekeza manispaa 25 zipunguzwe hadi 10. Raia mmoja akasimama na kupendekeza ziwe 3, na mkutano ukamkubalia, jambo ambalo hata serikali haikulitarajia. Waliopinga walikusanya saini na kudai suala lijadiliwe upya. Mkutano wa dharura ukaitishwa Novemba 2007, wananchi wakasikiliza hoja za pande zote kwa mara ya pili, na wakathibitisha uamuzi wao. Manispaa mpya za Glarus Nord, Glarus na Glarus Süd zilianza kazi 1 Januari 2011, zaidi ya miaka 4 baada ya kura ya kwanza, na walioshindwa walikuwa wameshapata nafasi ya kusikilizwa mara mbili uwanjani mbele ya majirani zao.